Upande wa Hamisi

Chaani, Changamwe
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Bakari,

Mambo ya sabuni, ya mswaki, ya kutomwachia mtu usiyemjua akulindie mzigo, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na najua yamekujaa masikioni. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako, na kesho ukishapita Voi, ukachoka kutazama nyika dirishani, utafungua sanduku utafute kitu cha kutafuna na utaiona. Nimetaka uisome baada ya Voi kwa sababu hapo huwezi tena kushuka ukarudi kuniuliza, na mimi sitalazimika kukutazama usoni. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sitaki kuipamba.

Jumanne nilijaribu kukwambia kwa mdomo. Tulipokuwa tukirudi kutoka Magongo na hilo sanduku, unakumbuka nilisimama nikasema ngoja nifunge kamba ya kiatu? Kiatu kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ukasema, "Baba, umechoka, lete mimi nibebe," ukalichukua sanduku ukatangulia, nami nikakufuata nyuma. Ni kweli nimechoka, Bakari, lakini si kwa sanduku.

Siku ile barua ya ushirika ilipofika uliisoma kwa sauti hapo barazani. Kwamba waliokuwa vibarua wa Bwana Kofia wamejiunga na kulichukua shamba lake, maana Mzungu anaondoka kabla ya Uhuru. Kwamba trekta lipo lakini hawana dereva wa kumwamini. Na kwamba wanamtaka mtoto wa Hamisi wa Mombasa, awalimie ngano kama alivyolima baba yake. Mama yako akapiga kigelegele. Mzee Shee wa duka la kona akanishika mkono, akasema, "Mashallah, Hamisi, jina lako bado li hai huko juu." Nikasema alhamdulillahi, nikanywa chai yangu. Wewe ulikuwa unanitazama kwa fahari mpaka nikaona haya, na watu walidhani ile haya ni unyenyekevu.

Katika bahasha ile mlikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa imekunjwa ndogo, ina jina langu juu. Uliponipa bahasha niitunze niliiona, nikaitia mfukoni, na tangu siku hiyo imekuwa ikihama nami kutoka shati hadi shati. Nitakuonyesha ilichosema. Lakini kwanza ujue ni nani aliyeiandika, na kwa nini ana haki ya kuniandikia vile.

Unaijua nyumba ya nyanya yako kule Kisauni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapanda ngazi tatu kuingia mlangoni. Nilipokuwa mdogo mimi, hapakuwa na ngazi hata moja. Kizingiti kilikuwa sawa na ardhi na kuku waliingia kwa miguu yao wakafukuzwa kwa mwiko. Nyanya yako alikuwa akifagia uwanja kila alfajiri na kila alasiri kwa ufagio wa chelewa, mpaka hapakubaki ila ile mistari ya ufagio mchangani, na jani likianguka aliliokota kabla halijatulia. "Watu wakipita," alikuwa akisema, "waone hapa pana wenyewe." Mchanga ulikuwa unakwenda kidogo kidogo kila siku, nusu kwa ufagio na nusu kwa mvua. Marehemu baba yangu akajenga ngazi ya kwanza. Miaka ikapita, fundi akaongeza ya pili. Ya tatu niliijenga mimi niliporudi kutoka vitani, na nikajisifu kwamba nyumba yetu imeinuka. Mizizi ya mwarobaini ilikuwa nje yote, sisi tumeigeuza viti, na hatukujiuliza kwa nini mizizi iko juu.

Kwa jicho hilo la uwanja wa nyanya yako ndivyo nilivyokwenda kulima ngano.

Kuendesha nilijifunzia jeshini, na Bwana Kofia alikuwa mmoja wa maofisa wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Vita vilipokwisha alipata shamba kule juu ya Nanyuki, upande wa mlima usionyeshewa, akaniita. Utauona mlima huo, una theluji, uko karibu kama vile unaweza kuugusa, lakini mvua yake inawanyeshea wengine. Ngano ya huko inaishi kwa maji yaliyofichwa chini. Ndiyo sababu shamba hupumzishwa mwaka mzima bila kupandwa, ili mvua ya mwaka huo ikae ardhini iingoje mbegu ya mwaka ujao. Magugu yakiachwa yaote wakati huo yatayanywa maji yale, kwa hiyo lazima yauawe. Hayo ni kweli, na usimsikilize atakayekwambia si kweli. Kosa langu halikuanzia kwenye uwongo. Lilianzia kwenye jambo la kweli nililolifanya bila kiasi.

Tulikuwa madereva wanne, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Upande wangu ulikuwa karibu na barabara, kila mpita njia aliuona. Wenzangu baada ya mavuno walipita na plau mara moja, wakapita na haro, ile ya meno ya kuvunjia mabonge, mara moja au mbili, basi, wakaenda kuota moto. Mimi nilipita mara tano, mara sita. Mabua ya ngano niliyachoma kwanza ili yasinikwamishe. Kisha nikageuza, kisha nikaponda mabonge, na kila mvua ikinyesha na kijani kikianza kuchungulia, mimi niko juu ya trekta. Udongo ukawa laini kama unga uliochekechwa. Mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Jioni nilikuwa nikisimama barabarani nautazama, hauna jani, hauna ubua, mistari tu, na nasema moyoni lau mama angeuona.

Ulikuja mara moja na mama yako, ulikuwa na miaka saba, sijui kama unakumbuka vizuri au unakumbuka tulivyokusimulia. Ulishuka kwenye lori ukakimbilia katikati ya shamba, vumbi likakufunika mpaka kiunoni, ukapiga kelele, "Baba, umefagia!" Nilicheka hata machozi. Nilimsimulia kila mtu. Bwana Kofia mwenyewe aliposimuliwa alicheka.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mugambi. Alikuwa kibarua kama wengine, Mmeru, mrefu, mwenye maneno machache, na mkewe akiitwa Karimi. Vibarua walikuwa wamepewa vipande vya kulimia chakula kandokando ya upande wangu, na kipande cha Mugambi kilikuwa ndicho kilichonikera kuliko vyote. Ovyo kabisa. Alikuwa anapasua mstari mwembamba kwa jembe, anapanda maharagwe yake na mahindi machache, na majani makavu yote anayaacha yamelala juu. Kulikuwa na kimmea kimoja kinachotambaa, kina majani matatu matatu, ambacho hakukigusa kamwe. Nikamwambia, "Mugambi, kwani huoni haya? Watu wanapita hapa." Akanijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Wewe mtu wa pwani, unafagia shamba kama nyumba ya mama yako. Hii si nyumba. Nani atalala hapa?"

Nilimwona mshamba. Nakwambia hivi kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, kwa neno hilo hilo. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimefika Burma, nina leseni. Yeye ananifundisha nini?

Kisha dawa ya magugu ikaja. Ilikuja katika madebe, na harufu yake huingia katika mate, chai unayokunywa ikawa na ladha yake. Unaichanganya na maji ndani ya pipa, unalivuta kwa trekta, nyuma kuna bomba refu lenye matundu, na kwa siku moja unafanya palizi ya wanawake arobaini. Inaua kila chenye majani mapana na kuiacha ngano imesimama. Mimi niliona ni muujiza. Bwana Kofia alitupa sharti moja: tunyunyize asubuhi mapema, na ukingo wa kofia ukianza kutikisika, tufunge bomba. Alitununulia kila mmoja kofia kwa ajili hiyo.

Mwaka mmoja tuliambiwa kwamba Jumamosi watakuja wageni, wakulima wenzake kutoka mbali, kutazama upande wa Hamisi. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa jina langu. Ilikuwa Alhamisi kama leo na ukingo wa mwisho, ule uliopakana na vipande vya vibarua, ulikuwa bado una maua ya manjano ya magugu. Nilichelewa kwa sababu bomba liliziba. Nilipolizibua jua lilikuwa limepanda, na ukingo wa kofia ulikuwa ukitikisika. Bwana Kofia alikuwa amekwenda mjini. Niliivua ile kofia, Bakari, nikaikalia. Nikanyunyiza mpaka mwisho.

Siku ya pili maharagwe ya vibarua yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Yalikuwa na maua wakati ule, walikuwa wakihesabu wiki. Karimi alikuwa amekaa katikati ya kipande chao, halii, ameshika jani moja analinyoosha, likijikunja tena analinyoosha tena. Sijawahi kumsimulia mama yako hilo. Mugambi alilichukua jani lile akaenda nalo kwa Bwana Kofia, nasi tukaitwa mbele ya ghala.

"Hamisi," Bwana Kofia akaniuliza, "kulikuwa na upepo?"

"Hapana, Bwana. Kulikuwa kumetulia. Labda ni ugonjwa."

Mugambi hakumtazama Mzungu. Alinigeukia mimi. "Hamisi, angalia mimi. Hakukuwa na upepo?"

Nikatazama gurudumu la trekta. Nakumbuka kila kipande cha tope kilichokuwa pale.

Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikiwashuku watu wote wa mlimani. Mtu wa upande ule aliyepaza sauti mbele ya Mzungu akaitwa mkorofi hakuwa na pa kusimama. Mugambi alipaza sauti. Ijumaa hiyo hiyo akaambiwa aondoke, na wakaondoka, yeye na Karimi na watoto watatu, vyombo vichwani, wakipita barabarani mbele ya upande wangu kwa sababu njia ilikuwa hiyo moja. Sikujua walikokwenda na sikuuliza.

Jumamosi wageni wakaja. Wakashuka, wakatembea, mmoja akainama akachota udongo akauacha uteremke katikati ya vidole, wakapiga makofi kidogo. Bwana Kofia akanivisha lile koti la sufu mbele yao. Ndilo hilo hilo unalolijua. Mama yako alikuwa ameliweka juu kabisa katika sanduku lako, kwa ajili ya baridi, na pia, alisema, "wamwone amekuja na koti la babake." Nimelitoa. Utakuta sweta langu la kazini mahali pake, lina tundu kwenye kiwiko, lakini linahifadhi joto. Usimwandikie mama yako kuuliza. Nitamweleza mwenyewe, leo au kesho mkishaagana.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekusimulia uwongo mmoja tu. Kilichonichosha miaka yote hii ni kilichofuata.

Vile vipande vya vibarua vikaunganishwa na upande wangu. Nikachoma, nikalima, nikapanda ngano kote. Mvua mwaka ule ilikuwa haba. Ngano yangu ilifika gotini ikasimama, rangi yake kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Lakini pale palipokuwa na kipande cha Mugambi ilikuwa ya kijani kibichi, ndefu mpaka kiunoni. Ungesimama barabarani ungeona mpaka kamili, kona zake nne, mahali maharagwe ya Karimi yalipokuwa. Kila mtu aliona. Bwana Kofia alisema labda pale pana maji chini. Mimi nilijua hapana maji chini.

Nilikwenda na panga, peke yangu, nikachimba pande zote mbili. Kwa Mugambi panga liliingia mpaka kwenye mpini, udongo ukatoka mabongebonge yenye unyevu, na nyungunyungu. Kwangu, juu palikuwa na ukoko kama wa wali uliosahauliwa motoni. Huo ndio uliokuwa ukiifanya mvua iteleze iende zake barabarani badala ya kuingia. Chini ya ukoko unga. Na chini ya unga, shubiri moja na nusu hivi, plau langu lenyewe lilikuwa limetengeneza sakafu kwa kupita pale pale miaka yote. Mizizi ya ngano ilikuwa imefika kwenye sakafu hiyo ikakunja kona ikaenda kando. Sikuona nyungunyungu hata mmoja. Baadaye alipita bwana shamba mmoja nikamwonyesha kile kimmea cha majani matatu matatu, akaking'oa, akanionyesha vijidonge kwenye mizizi, akasema vile ndivyo vinavyolisha ardhi. Kwangu hakikuwapo tena. Plau lilikizika na dawa ikakimaliza. Kilichobaki kikiota ni majani membamba, jamaa ya ngano yenyewe, ambayo dawa hiyo haiyawezi, na ili niyaue nikazidisha haro.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo jina langu lilipo. Nilijua, na nikaendelea. Nilijaza yale mashimo mawili kwa mguu. Msimu uliofuata nilikilima kipande cha Mugambi mara sita kama pengine pote, kwa sababu kile kijani kilikuwa kinanisema kila nikipita. Baada ya misimu mitatu kilikuwa cha njano sawasawa na vingine, na hakuna aliyeweza tena kuonyesha mpaka. Nakiri kwamba siku hiyo nilipumua.

Kisha ukaja ule ukame, na upepo wake. Upande wangu uliinuka. Sisemi vumbi lilitimka; nasema upande uliinuka ukapita juu ya barabara, ukapita juu ya nyumba, taa zikawashwa mchana. Ulipotulia, nguzo za ua wangu zilikuwa zimesimama nje ya ardhi, na ule udongo wa chini uliogandamana ulikuwa uchi kabisa. Nikakumbuka ngazi za Kisauni. Nikazihesabu moja, mbili, tatu, pale pale nilipo, nikaelewa kwamba nyumba yetu haikuwahi kuinuka.

Niliwaambia nyumbani kwamba nimeondoka kwa sababu ya kifua na baridi. Kifua changu hakina neno. Tangu wakati huo niko Kilindini, navuta mikokoteni ya mizigo kwa trekta juu ya saruji, kutoka ghalani hadi melini, na watu wanasema Hamisi ameipenda bandari. Naipenda kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kuota nyuma yangu wala kufa.

Sasa karatasi. Nimeiambatisha, lakini nainakili hapa endapo itapotea:

"Hamisi. Mimi Mugambi. Nilirudi, niko hapa kwa kamati. Hawa watu wanataka kijana yako kwa sababu wanakumbuka vile upande wako ulikuwa safi. Wengine walikuja baadaye, wameona picha tu kwa ofisi. Mimi sikuwaambia kitu. Wakijua wanaweza kukataa mtoto, na mtoto hana makosa. Lakini wewe mwambie. Nitaangalia msimu wake wa kwanza. Akichoma mabua nitajua hukumwambia, nitamrudisha na gari hiyo hiyo ilimleta. Shamba sasa ni yetu, na hatuna ingine."

Hakuandika neno moja juu ya maharagwe. Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta.

Kwa hiyo unaona, mwanangu, wewe umeitwa kwa sababu ya kitu ambacho ukikifanya utawamaliza. Kamati itakupeleka kwenye upande wa Hamisi siku ya kwanza, watakwambia ulime kama baba yako, nao watakuwa wamesimama barabarani wanatazama. Usilitazame shamba kwa jicho langu. Mabua usiyachome, yaache yalale, hata shamba likionekana la mtu mvivu, na ukigeuza udongo ugeuze mara moja na uache mabonge yawe mabonge. Watakucheka, na wewe ni mtoto wa nyanya yako, utaumia. Dawa si shetani. Huenda ingeweza kutusaidia tuliache plau lipumzike, iue magugu ili sisi tusisage ardhi tena. Sisi tuliongeza moja juu ya jingine. Inyunyize mapema, bomba karibu na ardhi, na upepo ukianza, acha, hata akija nani Jumamosi. Panga liwe karibu yako kwenye trekta. Chimba kabla hujalima, na usijaze shimo kabla hujamwita mtu mwingine alione. Ile sakafu ya chini sijui itapasuka kwa njia gani. Mugambi anajua mengi kuliko mimi, na yale asiyoyajua nadhani atasema hajui. Mimi sikuweza kusema hivyo kwa miaka kumi. Wala sijui kama upande ule utarudi kuwa kitu. Labda si kwa msimu wako wa kwanza, labda si kwa mkono wako.

Mama yako anafagia nje saa hizi, kwa ajili ya watakaokuja kukuaga. Nasikia ufagio. Simkatazi.

Ukiona haya juu yangu, una haki. Nilikuwa tayari kukuacha uende na ile fahari, hadi asubuhi ya leo nilikuwa tayari, na ningekupeleka stesheni nikakupungia mkono, kisha ningekaa hapa nikingoja siku utakaporudishwa bila kujua kosa lako. Nilipoona koti limekunjwa vizuri juu ya nguo zako, nikashindwa.

Utakaposhuka Nanyuki, atakuja kukupokea mtu mrefu, mwenye maneno machache. Mwamkie vizuri kama ulivyofunzwa. Atakuuliza, "Baba yako alikuambia?" Usijibu kwa mdomo. Mpe barua hii aisome yote, pale pale, kabla hujapandisha mzigo wako, na umngoje amalize. Hapa mwishoni, niwie radhi, sisemi nawe.

Mugambi, upepo ulikuwako. Ulikuwa unavuma kutoka kwangu kuja kwako, na kofia nilikuwa nimeikalia.

Baba yake Bakari,
Hamisi